Unyayo Kwenye Majivu

Viatu ndivyo vilivyoanza kumkataa Justina. Vilikuwa vyeupe, vya kufungia ndoa, na mwezi wa tano wa mimba bado viliingia kwa kubembelezwa. Mwezi wa sita kisigino kikabaki nje. Mwezi wa saba alivipangusa vumbi, akavirudisha kwenye boksi, akalisukuma boksi chini ya kitanda kwa mguu uleule uliokataliwa. Baada ya hapo zikagoma yeboyebo, ndala zake za plastiki. Jioni akizivua, mikanda ilikuwa imemchora mistari myekundu juu ya mguu, na mistari haikufutika mpaka ugali uive. Vifundo vya miguu vilipotea kabisa. Nyayo, ambazo tangu utoto zilikuwa na mkunjo mzuri katikati, zililala chini zikawa bapa, na asubuhi hatua tatu za kwanza kutoka kitandani alizipiga kwa kushika ukuta, kwa jinsi visigino vilivyouma.

Haya si mageni. Waulize waliozaa. Nesi Eunice wa zahanati alimwambia hivyohivyo, huku akimbonyeza mguu kwa kidole gumba.

"Mwili unahifadhi maji, na viungo vinalegea kumpisha mtoto. Miguu ya jioni isikutishe. Ukikaa, iinue. Ukilala, lala ubavu wa kushoto. Lakini siku ukiamka asubuhi ukakuta bado imevimba, au uso umejaa, au kichwa kinagonga na macho yanaona vimulimuli, usingoje tarehe ya kwenye kadi. Njoo siku hiyohiyo."

Justina aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Aliondoka na maneno yote kichwani, na angeyafuata moja baada ya jingine, kama si mashaka yaliyomwingia juu ya baba mkwe wake.

Nyumbani kwa Mzee Magesa, katika kijiji kimoja cha Kishapu ambako ardhi ni pamba, ng'ombe na vumbi, waliishi watu wawili tu: mzee na mkamwana wake. Festo, mume, alikuwa Geita machimboni. Huko ndiko alikomkuta Justina, binti wa katekista wa Ushirombo, akiwapikia wachimbaji wali na maharage, na huko ndiko alikomposa. Mimba ilipofika miezi minne Festo alisema machimboni si mahali pa kulelea tumbo, akampandisha basi, akamleta kwa baba yake. Mama mkwe hakuwepo. Aliitwa Nyamizi, na alifariki zamani, Festo akiwa na miaka sita. "Alikufa na mimba," Festo alisema siku moja, kisha akageuza mazungumzo, na Justina hakuuliza zaidi.

Sasa, mtu na mke wa mwanawe, kwa Msukuma wa kizamani kama Magesa, hawakai wakatazamana kama wauza nyanya. Mzee hakuingia nyumba ya Justina. Hakukaa kwenye kigoda alichokalia, hakupokea kitu mkononi mwake, na alipokuwa akirudi malishoni alianza kukohoa akiwa bado kwenye mpaka wa shamba la jirani. Kutazama miguu ya mkamwana ndilo lilikuwa kosa la kutajwa kwa minong'ono. Na alipokuwa na neno la kumwambia, alimwambia mbuzi. Alikuwepo mbuzi jike mweupe, kavunjika pembe moja, aliyefungwa karibu na jiko, na yeye ndiye aliyekuwa katibu wa nyumba ile.

"Wewe mbuzi," mzee angesema akiwa ametazama zizini, "mwambie mama wa humu ndani kwamba chumvi leo imezidi."

"Mbuzi, mwambie baba nimesikia," Justina angejibu huku akisonga ugali.

Miezi ya kwanza alicheka peke yake jikoni mpaka machozi. Kisha yakaja maagizo mawili yasiyochekesha.

La kwanza, mzee alimkataza kupiga magoti. Asubuhi moja Justina aliinama kumwamkia, "Shikamoo baba," magoti yakagoma njiani, akashika nguzo. "Marahaba," mzee alijibu, kisha akamgeukia mbuzi: "Mwambie asipige magoti tena. Aniamkie akiwa amesimama, nyayo zote mbili chini." Justina alishukuru kwa mdomo, lakini moyoni akajiuliza. Mzee anayejua heshima yake, akaikataa, anataka nini badala yake? Na kwa nini alizitaja nyayo?

La pili lilikuwa la ufagio. Justina alifagia uwanja kila alfajiri, kama alivyofundishwa na mama yake, mpaka ardhi ionekane mistari ya ufagio tu. Jumamosi jioni mzee alimwambia mbuzi: "Kesho, njia ya kutoka mlangoni kwake kwenda bafuni isifagiwe. Nyingine zote afagie. Hiyo aiache."

Mtu mzima anakataza njia isifagiwe. Kwa nini? Justina alilala ubavu wa kushoto, kama alivyoagizwa na nesi, akalitafuna hilo neno hadi kulipokucha.

Asubuhi hiyo ya Jumapili alipofungua mlango aliona njia ni nyeupe. Mtu alikuwa amemwaga majivu laini, yaliyochekechwa, upana wa mkeka, kuanzia kizingiti mpaka kwenye kona ya bafu. Hakuwa na pa kupita pengine. Aliyakanyaga, akaoga, akavaa kitenge, akaondoka kwenda kusali na jumuiya yake. Alipofika kwenye mkuyu wa njia panda alikumbuka rozari. Akarudi polepole, kwa miguu ile ya maji isiyopiga kishindo, akachungulia kwenye pembe ya jiko.

Mzee Magesa alikuwa amechuchumaa juu ya unyayo wake. Uso ulikuwa karibu kugusa majivu. Mkononi alishika kitu chembamba cheupe, akakilaza juu ya unyayo, akakivuta, akanong'ona jambo, akakifunga fundo. Kisha akapitisha kiganja juu ya unyayo na kuufuta.

Justina hakuchukua rozari. Alisali siku ile bila kuhesabu, na kila "utuombee" ilimkuta akitazama miguu yake.

Jirani yao aliitwa Generosa, mama wa Lusia, mwanamke aliyewahi kuuza pombe machimboni miaka miwili na kurudi na hadithi za miaka kumi. Justina alikwenda kwake jioni, akakaa, akainua miguu juu ya gunia la viazi, akamweleza. Generosa aliacha kumenya.

"Anachukua unyayo wako," alisema.

"Usiseme hivyo, Mama Lusia."

"Nisiseme, nifiche? Wewe umekaa Geita, hukusikia? Duara la dhahabu likilala, wenyewe hutafuta cha kuliamshia. Na unyayo wa mama kijacho, mwenzangu, una watu wawili ndani yake." Akasogea. "Hebu niambie ukweli. Festo anapata?"

Hapo ndipo Justina alipoishusha miguu kutoka kwenye gunia. Kwa miezi mingi duara la Festo, lile shimo lao la kuchimba, lilikuwa likitoa mawe matupu. Juzi tu, Ijumaa, alipiga simu huku akicheka. "Mke wangu, tumegusa mwamba! Mawe yamekwenda karasha yakasagwa, yamejibu, dhahabu ipo! Ni baraka ya wazee hii. Baba anajua kutuombea." Ijumaa. Na wiki hiyohiyo ndiyo miguu yake ilianza kuamka ikiwa imevimba badala ya kuvimba jioni.

"Sasa sikiliza," Generosa alisema, akiwa amepata raha ya mtu anayesikilizwa. "Uvimbe wa kutupiwa haupendi sindano. Ukichomwa tu, umekwenda. Nimeona kwa macho yangu."

Macho ya Generosa yalikuwa yameona mambo mengi ambayo yeye mwenyewe hakuwepo. Lakini simlaumu Justina. Ukiwa na mimba ya kwanza, mbali na mama yako, na mguu wako hauutambui, utamsikiliza hata kunguru. Tarehe ya kliniki ilipofika, alichukua kadi, akaaga kupitia mbuzi, akaenda kukaa kwa Generosa mpaka saa nane. Aliporudi mbuzi aliulizwa nesi amesemaje. "Mwambie baba nesi amesema vizuri," alisema Justina, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akawa amemdanganya mtu.

Tangu hapo hakukuwa na jambo dogo. Kila Jumapili majivu yalirudi. Mzee akimwachia maziwa ya mtindi kwenye kibuyu, aliyamwaga nyuma ya nyumba na kutazama kama kuku wataanguka. Kuku walikunywa wakanenepa. Hilo nalo lilimtia wasiwasi. Mzee akimwagiza mbuzi kwamba mama apumzike mchana, alijiuliza kwa nini anatakiwa alale. Aliposikia amepiga simu kwa Festo nyuma ya zizi na kusema, "Bado, bado, naangalia, nitakuambia," aliona kila kitu kimekamilika. Bado nini? Festo mwenyewe Justina hakumwambia kitu, kwa sababu Festo naye alikuwa ameshaingia kwenye orodha ya aliowashuku. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na nguo yenyewe alivalishwa kanisani.

Jumatatu moja mzee alipokwenda na ng'ombe lamboni, Justina alifanya jambo ambalo mkamwana hafanyi. Aliingia kwenye kibanda cha pamba, ambako mzee alikuwa akilala nyakati za mavuno, akaanza kupekua. Hakutafuta muda mrefu. Kwenye nyasi za paa, karibu na mlango, palikuwa na gunzi la mahindi lililozungushiwa uzi wa pamba, ule wa kusokotwa kwa mkono. Aliuvuta. Ulikuwa na mafundo saba. Alihesabu Jumapili tangu ile ya kwanza ya majivu, akapata nne. Kwa hiyo mzee alianza kabla, bila majivu, wakati yeye anacheka na mbuzi.

Lakini hilo silo lililomfanya akae chini juu ya magunia. Nyuma ya gunzi, kwenye mfuko wa plastiki uliokauka kwa uzee, kulikuwa na kiatu. Kimoja tu. Kiatu cha kike cha turubai, cha zamani sana, rangi imekwisha, na kilikuwa kimepasuliwa kwa kisu pande zote mbili, kuanzia kwenye vidole mpaka kisigino, mpasuo ulionyooka wa mtu aliyefanya kazi yake kwa makini. Alijua ni cha nani kabla hajajiuliza. Alikufa na mimba. Kumbe alianzia kwa mkewe, Justina aliwaza, na sasa zamu ni yangu.

Alirudisha kila kitu mahali pake. Pete ya ndoa alijaribu kuivua usiku ule kwa sabuni, ikakataa.

Jumapili iliyofuata, baada ya majivu, mzee hakwenda malishoni. Alisimama mbele ya mbuzi muda mrefu, kofia mkononi.

"Mbuzi," alisema, na sauti yake haikuwa ya kila siku. "Mwambie mama wa humu ndani aende zahanati kesho asubuhi. Asingoje tarehe. Mwambie kuna haraka."

Justina alikuwa ndani ya jiko, ameshika mwiko. Kichwa kilikuwa kikimgonga tangu jana na uso aliuona mzito kama umelazwa juu ya mawe. Maneno ya nesi yalipita akilini, yakakutana na maneno ya Generosa, na ya Generosa yakashinda kwa sababu yalikuwa na mtu wa kulaumiwa. Ukichomwa tu, umekwenda. Anataka nikachomwe. Siku zimetimia.

"Mbuzi, mwambie baba nitakwenda," alisema.

Hakwenda. Jumatatu alishinda kitandani akisema nesi amesafiri. Jumanne mzee alipotoa ng'ombe, Justina alifunga khanga mbili na kadi yake kwenye kifurushi, akaazimia kutoka mpaka barabara kubwa, apande gari la Shinyanga, na kutoka hapo Kahama, mpaka Ushirombo kwa mama yake. Hakupita senta, watu wasimwone. Alichukua njia ya mashamba ya pamba yaliyovunwa. Na kwa kuwa alijua anakimbia mtu wa nyayo, hakutembea pekupeku. Alivaa makatambuga ya zamani ya Festo, yale ya matairi, ambayo alama yake ni sawa na ya wachungaji wote wa Kishapu. Alijiona mjanja. Na miguu yake, kwa mara ya kwanza baada ya miezi, ilienea kwenye kiatu.

Jua la Kishapu halina huruma na mtu asiye na mwavuli. Saa ya kwanza alitembea kwa hasira, ya pili kwa woga, akigeuka nyuma kila baada ya mti mmoja. Saa ya tatu alianza kuona vimulimuli pembeni ya macho, kama vya mwenge ukipigwapigwa, ila ilikuwa mchana kweupe. Alifika kwenye korongo kavu, akashuka, akashindwa kupanda upande wa pili. Akakaa kwenye mchanga. Maumivu yalimshika juu ya tumbo, chini ya mbavu. Mtoto alicheza mara moja, akatulia. "Mama Maria," alisema, "mimi sawa, lakini huyu amekosa nini?"

Akasikia mtu anakohoa.

Alikuwa Mzee Magesa, juu ya ukingo wa korongo, fimbo mkononi, amempa mgongo. Ng'ombe hawakuwepo. Jasho lilikuwa limelowesha shati lote. Justina alijaribu kusimama, hakuweza. Akashika jiwe.

"Usinisogelee!" alipiga kelele.

Mzee alitazama huku na huku. Bila shaka alikuwa akimtafuta mbuzi, na mbuzi hakuwepo. Kisha akageuka. Alimtazama mkamwana wake usoni, moja kwa moja, na Justina aliona kwamba macho ya mzee yalikuwa mekundu.

"Justina," alisema. Hakuwahi kulitaja jina hilo. "Ng'wanone, mwanangu. Ukitaka kunipiga kwa jiwe, piga. Lakini mguu huo nipe."

Alishuka, akapiga magoti yeye, mzee wa miaka sabini, akamvua lile katambuga, akabonyeza mguu kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki. Walilitazama wote wawili, shimo halikujaa. Mzee alisema neno moja la Kisukuma ambalo sitaliandika, akatoa simu, akaita bodaboda.

Walipanda watatu: dereva, Justina, na mzee nyuma, amemshika mabegani asianguke, kifua chake mgongoni mwa mke wa mwanawe, jambo ambalo wazee wenzake wangelijadili mwaka mzima. Justina alikuwa anamwogopa bado. Kila walipokata kona alitazama kama wanakwenda zahanati kweli au porini.

Walikwenda zahanati. Nesi Eunice alimfunga mkanda wa presha, akasoma, akaufunga tena mkono wa pili, akasoma. Akafungua kabati kwa haraka. Justina alipoiona sindano alishika ukingo wa kitanda.

"Asinichome! Ndicho anachotaka! Amechukua unyayo wangu, nesi, muulize, ana uzi! Alimfanyia mkewe, sasa mimi!"

Nesi alimtazama mzee. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa muda ilionekana atatoka nje. Badala yake aliingiza mkono mfukoni, akatoa gunzi, akaukunjua uzi taratibu mpaka ukaisha, akaulaza kwenye meza ya nesi.

"Nesi, chombo chako sijui kukisoma. Mimi nimechunga miaka hamsini, najua nyayo. Ng'ombe mwenye kwato mbovu namjua kabla hajaanza kuchechemea. Huyu ni mke wa mwanangu, siruhusiwi kumtazama miguu. Kwa hiyo nilitazama vumbi. Kila Jumapili nilipima upana wa unyayo wake, kuanzia ncha hii, nikafunga fundo. Tazama. Haya sita yamebanana, mguu ulikuwa unaongezeka kidogokidogo kama wa mjamzito yeyote. La saba limesogea. Na hili la juzi limeruka."

Nesi Eunice aliushika uzi, akaupitisha vidoleni. Kati ya fundo la saba na la nane palikuwa na nafasi ya kuingia ukucha.

"Na mkeo?" aliuliza.

"Nyamizi alivimba hivi. Alisema viatu vinambana. Mimi nikaona nampenda sana, nikachukua kisu nikampasulia kiatu, ili aweze kwenda kuvuna pamba." Mzee aliikunja kofia. "Nilipasua kiatu, nesi. Kumpeleka hospitali sikumpeleka. Siku ya tatu kifafa kilimkamata shambani. Kimoja nilimzika nacho. Kingine ninacho."

Nje, chini ya dirisha, kuku alikuwa akiparua. Justina alikuwa akimtazama mzee huyu ambaye kwa wiki tano alikuwa amemjenga upya kichwani, kipande kwa kipande, majivu, uzi, kiatu, simu, na kila kipande kilikuwa cha kweli. Jinsi ya kuviunganisha tu ndiyo alikosea. Bado sehemu ya moyo wake ilimwambia asikubali. Ilimwambia hivi ndivyo wachawi wanavyolia. Lakini kichwa kilipasuka, na mtoto alikuwa kimya, na huyu mtu alipiga magoti kwenye mchanga.

Akageuka ubavu.

"Choma," alisema.

Nesi alichoma, akaweka dripu, akapiga simu ya gari la wagonjwa. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni, madaktari wa hospitali walisema baadaye, kilibakiza kugonga. Mtoto alitolewa usiku uleule kabla ya wakati, wa kike, kilo moja na nusu na kelele za kilo nne. Walipona wote wawili. Festo alikuja mbio kutoka Geita akiwa bado na udongo wa duara masikioni, na ndipo Justina alipojua kwamba zile simu za nyuma ya zizi zilikuwa za mzee kumwambia mwanawe asianze kuogopa kabla ya wakati. Mtoto aliitwa Nyamizi. Hakuna aliyepinga.

Uvimbe ulikwisha baada ya majuma mawili. Miguu yenyewe haikurudi ilikotoka, ilibaki mirefu kidogo, mipana kidogo, bila ule mkunjo wa katikati. Viatu vya ndoa alimpa Lusia, binti wa Generosa. Generosa alivipokea akisema kwamba yeye tangu mwanzo alijua Mzee Magesa ni mtu mwema, na Justina hakubishana, kwa kuwa mtoto alikuwa amelala.

Mzee alirudi kwenye mila zake siku ileile waliporudi nyumbani. Alikohoa tangu kwenye mpaka wa shamba. Hakumtazama miguu, hakumwita tena jina. Njia ya bafuni ilifagiwa kila siku kama nyingine. Lakini Justina alikuwa na neno lililomkaa kooni, na kila siku liliongezeka uzito. Mzee hakuwahi kumuuliza kwa nini alikimbia. Yale aliyopiga kelele zahanati, huenda aliyachukua kuwa ni ugonjwa tu, maneno ya homa. Huenda hakujua kwamba msichana aliyempikia ugali alikuwa akimwaga mtindi wake kila asubuhi na kumwita muuaji. Lingeweza kuishia hapo. Ila Justina alikuwa binti wa katekista, na dhambi isiyoungamwa ilimwasha.

Asubuhi moja mzee alikuwa akichonga mpini, mgongo ameupa jiko. Justina alisimama mlangoni, mtoto kifuani.

"Mbuzi," alisema, "muulize baba, siku ile alinipataje? Nilivaa makatambuga ya Festo."

Mzee alipuliza vumbi la mti. "Mwambie viatu vilikuwa vya mwanaume, uzito ulikuwa wa mwenye tumbo. Kisigino kilizama, vidole havikugusa."

"Basi, mbuzi, muulize," akamhamishia mtoto begani, "kama anajua nilikuwa namdhania nini."

Panga lilisimama. Mzee hakugeuka.

"Mwambie nilijua tangu kwenye mti wa kwanza. Mtu anayekwenda kwao hageuki nyuma. Nyayo zile ziligeuka kwenye kila mti, mpaka korongoni, na nyuma yake hapakuwa na mwingine ila mimi." Akaendelea kuchonga. "Mwambie nilizifuata hivyohivyo."